Ukambani ni darasa la likizo ambalo wengi hulipita kwa kasi

LIKIZO ya shule inapowadia, wazazi wengi wa mijini hujikuta katika njia panda. Watoto wamechoka kukaa ndani, runinga na simu zimewateka tangu asubuhi hadi usiku, ilhali safari ya ufuoni au ya mbuga za wanyama hugharimu pesa ambazo wengi hawana. Matokeo yake ni kwamba likizo hupita, shule hufunguliwa, na mtoto hurudi darasani akiwa hana jipya la kusimulia.

Hata hivyo, yapo maeneo ambayo familia inaweza kuyazuru kwa gharama nafuu na kurudi na mafunzo tele. Kaunti za Kitui na Makueni ni miongoni mwa maeneo hayo. Kila siku maelfu ya wasafiri wa barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa hupita Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei. Kwa wengi wao, Makueni ni mahali pa kunywa chai na kununua maembe tu. Kitui nayo haiko kwenye barabara hiyo, na asiye na jamaa huko ni nadra aende.

Ukweli ni kwamba katika kaunti hizi mbili mtoto anaweza kujionea kwa macho yake mambo ambayo vitabu vya shule humweleza kwa aya moja au mbili: asili ya jina la nchi yake, jinsi maji yanavyohifadhiwa jangwani, na gharama ya maisha ya watu iliyolipwa ili reli ipite. Lakini lipo sharti moja. Mahali penyewe hapasemi. Sharti awepo mtu wa kueleza, na wengi wa wanaoyajua masimulizi haya vyema ni wazee ambao umri umewapita. Kila likizo inayopita bila mjukuu kuketi karibu nao ni hasara isiyoonekana kwa haraka.

Mzunguko wa siku mbili

Familia inayotoka Nairobi inaweza kuzizuru kaunti hizi kwa mzunguko mmoja bila kurudia njia. Siku ya kwanza hupitia Machakos hadi mjini Kitui. Siku ya pili huteremka kusini kupitia Mutomo na Ikutha, huvuka mto Athi ambao ndio mpaka wa Kitui na Makueni, na kutokea Kibwezi kwenye barabara kuu ya Mombasa. Kutoka hapo hurejea Nairobi kupitia Makindu, Emali na Sultan Hamud. Barabara ya Kibwezi hadi Kitui, ambayo zamani ilikuwa ya vumbi na mashimo, imetiwa lami katika miaka ya karibuni, na gari dogo sasa hupita bila taabu.

Wasio na gari wanaweza kutumia matatu, au treni ya reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017. Treni inayosimama katika vituo vya katikati hutua Emali, Kibwezi na Mtito Andei, vyote vikiwa ndani ya Makueni.

Kwenye njia ya Machakos kuelekea Kitui, kabla hata ya kuingia Kitui, kuna Wamunyu. Hapa ndipo nyumbani kwa uchongaji wa vinyago ulioifanya jamii ya Wakamba ijulikane na watalii kote duniani. Mwanzilishi wake anatajwa kuwa Mutisya Munge, aliyejifunza ufundi huo nchini Tanganyika alipohudumu katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, kisha akaurudisha kijijini na kuwafunza wengine. Mtoto akisimama dakika chache kumtazama fundi akitoa twiga kutoka katika gogo la mti, atajifunza kwamba ufundi haukuanguka kutoka mbinguni. Kuna mtu aliyeubeba kutoka mahali fulani, naye akaugawa.

Jina la nchi lilitokea hapa

Waulize watoto wa shule jina Kenya lilitoka wapi, na wengi watajibu kuwa ni jina la mlima. Waulize ni nani aliyelitamka kwa mgeni aliyeliandika, na wengi watanyamaza. Jibu liko Kitui.

Mwezi wa Novemba mwaka wa 1849, mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Kitui akitokea Rabai, karibu na Mombasa. Mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara maarufu wa Kikamba ambaye misafara yake ilibeba pembe za ndovu hadi Pwani. Kivoi alimweleza mgeni wake kuhusu mlima wenye weupe kileleni. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, mawingu yalipotanda kando, Krapf aliuona mlima huo kwa mbali.

Wakamba waliuita Kiinyaa. Katika Kikamba, nyaa ni mbuni. Weusi wa mawe na weupe wa theluji uliwakumbusha manyoya ya mbuni dume, ambayo ni meusi na meupe. Krapf aliliandika jina hilo jinsi alivyolisikia, likasafiri hadi Ulaya kwa umbo la Kenia. Huko baadhi ya wasomi, akiwemo mwanajiografia William Desborough Cooley, hawakuamini kabisa kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Mwaka wa 1920, eneo lililokuwa likiitwa Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza lilibadilishwa jina na kuwa Koloni ya Kenya.

Hapa mzazi ana fursa ya kueleza jambo zito kwa maneno mepesi. Vitabu vingi vilisema kwamba Krapf "aliugundua" mlima. Je, unaweza kugundua kitu ambacho mwenyeji wako amekuonyesha kwa kidole na kukutajia jina lake? Mtoto wa miaka 10 anaweza kulijibu swali hilo mwenyewe. Kivoi aliuawa mwaka wa 1851 msafara wake uliposhambuliwa karibu na mto Tana, Krapf akiwa naye, na Krapf akanusurika. Mmoja alibaki na sifa vitabuni, na mwingine hatajwi ila kwa nadra.

Mwamba wa Nzambani

Kilomita chache kutoka mjini Kitui, kwenye njia ya kuelekea Mutomo, kuna jabali refu lililosimama peke yake juu ya mashamba. Huo ndio mwamba wa Nzambani. Ngazi ya chuma imejengwa ubavuni mwake, na wageni hulipa ada ndogo kupanda. Kutoka kileleni, macho hufika mbali mno: vilima, mashamba ya mahindi na ndengu, na nyika inayoishia kwenye upeo wa macho.

Masimulizi mojawapo husema kwamba zamani msichana aliyeitwa Nzambani alikwenda na wenzake kutafuta kuni. Akaona jiwe zuri la kunolea panga, akalitia kikapuni ili aende nalo nyumbani. Njiani jiwe likaanza kuwa zito. Alipotaka kulitua, likawa limemganda mgongoni. Likakua na kukua hadi likamfunika kabisa, na jabali likabaki pale msichana alipokuwa. Masimulizi mengine husema kwamba anayeuzunguka mwamba huo mara saba hubadilika, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Watoto hulipenda hilo la pili kuliko yote, na kila mara hutokea mmoja wa kumsihi kaka yake ajaribu.

Kisayansi, majabali kama haya ni mabaki. Mwamba mgumu ulikuwa umefunikwa na udongo na mawe laini zaidi. Kwa mamilioni ya miaka mvua na upepo vilikula yale laini, na gumu likabaki limesimama. Mzazi asione haja ya kuchagua kati ya maelezo hayo mawili. Sayansi humweleza mtoto jinsi jabali lilivyotokea. Hadithi humweleza jinsi watu walioishi chini yake walivyowaonya watoto wao wasiokote kila king'aacho.

Mto usio na maji

Ukiteremka kusini kuelekea Mutomo na Ikutha, joto huongezeka, mibuyu huanza kuonekana na mito huonekana mikavu. Mtoto wa mjini ataona daraja na chini yake mchanga mtupu, na huenda akacheka. Hapo ndipo somo kubwa zaidi la safari hii lilipo.

Mito mingi ya Ukambani hutiririka siku chache tu baada ya mvua. Baada ya hapo maji hujificha ndani ya mchanga. Ng'ombe na punda waliosimama katikati ya mto mkavu hawakupotea njia. Wanasubiri zamu yao kwenye kisima kilichochimbwa mchangani. Katika sehemu nyingi kazi ya kuchota huwaangukia akina mama na watoto, nao hufanya hivyo kabla ya jua kuwa kali.

Wakazi wamejifunza kuusaidia mto kuhifadhi maji zaidi kwa kujenga mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukatiza mto, msingi wake ukiegemea mwamba ulio chini. Mvua ikinyesha, mafuriko huleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, huku udongo mwepesi ukipita juu na kwenda zake. Baada ya msimu mmoja au kadhaa, bwawa huwa limejaa mchanga, na ndani ya mchanga huo maji huchukua kati ya robo na theluthi moja ya nafasi. Jua haliwezi kuyakausha upesi kama maji ya wazi, mbu hawazaliani humo, na mchanga huyachuja. Shirika la SASOL lilianza kujenga mabwawa ya aina hii Kitui katika miaka ya tisini, na mamia yamejengwa kwa nguvu za wanavijiji wenyewe.

Karibu na Mutomo kuna mbinu nyingine. Majabali mapana yaliyo wazi huzungushiwa kuta fupi zinazokusanya maji ya mvua na kuyaelekeza kwenye bwawa au tangi chini ya mwamba. Jiwe ambalo haliwezi kuotesha hata mhindi mmoja hunywesha kijiji kizima.

Kisha mwulize mtoto swali hili: ghorofa tunamoishi Nairobi lilijengwa kwa mchanga wa wapi? Kwa miaka mingi malori yamebeba mchanga wa mito ya Ukambani hadi kwenye maeneo ya ujenzi. Mchanga ukiondoka, maji hayana pa kujificha, na visima hukauka. Biashara hiyo imeleta uhasama na hata umwagaji damu kati ya wachimbaji na wanakijiji. Mwaka wa 2015 Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kusimamia matumizi ya mchanga. Mtoto akielewa hilo, ataelewa kwamba nyumba ya mjini na ndoo tupu ya kijijini huweza kuwa na uhusiano.

Reli, simba na mlo wa bure

Ukivuka Athi na kutokea Kibwezi, unaingia katika historia ya reli. Masimulizi ya Kikamba humtaja nabii wa kike Syokimau, aliyetabiri kuja kwa nyoka mrefu atakayetoka kwenye maji na kuishia kwenye maji mengine. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka wa 1896, ukafika Nairobi mwaka wa 1899 na ziwani Victoria mwaka wa 1901. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na takriban 2,500 kati yao walikufa. Hata jina la mji wa Sultan Hamud ni kumbukumbu ya enzi hizo, kwani ulipewa jina la Hamoud bin Mohammed aliyekuwa Sultani wa Zanzibar.

Wengi wamesikia kuhusu simba wa Tsavo waliouawa mwaka wa 1898. Wachache wanajua kisa cha Kima, kituo kidogo kilichoko Makueni. Mwezi wa Juni mwaka wa 1900, ofisa wa polisi wa reli aliyeitwa Charles Ryall aliegesha behewa lake hapo pamoja na wenzake wawili ili wamvizie simba aliyekuwa akila watu. Ryall aliyekuwa na zamu ya ulinzi akashikwa na usingizi. Simba akaingia ndani ya behewa, akamuua na kutoka naye dirishani. Behewa hilo limehifadhiwa katika Makavazi ya Reli jijini Nairobi, hivyo familia inaweza kupaona Kima siku moja na kuliona behewa lenyewe siku nyingine. Wazazi wa watoto wadogo watajua wenyewe kiasi cha kusimulia.

Makindu, mambo ni ya faraja zaidi. Hekalu la Masingasinga lililoko kando ya barabara kuu lilijengwa mwaka wa 1926, na chimbuko lake ni wafanyakazi wa reli waliokuwa wakiabudu hapo. Hadi leo, msafiri yeyote, awe wa dini au kabila lolote, hukaribishwa kula bila malipo. Mlo huo wa pamoja huitwa langar, na huwa hauna nyama. Masharti ni machache: vua viatu, funika kichwa, usiingie na tumbaku wala pombe, na usiache chakula sahanini. Anayetaka kutoa sadaka hutoa. Mtoto atakayeketi hapo na kula karibu na dereva wa lori na mzee asiyemjua atakuwa amejifunza ukarimu bila kuhubiriwa.

Mikono ya akina mama

Katika masoko ya kaunti zote mbili, watoto wataona akina mama wakitembea au wakipiga gumzo huku mikono yao ikisuka kiondo. Wakamba hukiita kyondo. Zamani nyuzi zilitoka kwenye maganda ya miti kama mbuyu, na leo mkonge ndio hutumika zaidi. Majani hukwanguliwa, nyuzi huanikwa, hutiwa rangi, husokotwa na ndipo kusuka huanze. Kikapu kimoja huweza kuchukua wiki kadhaa.

Mwombe msukaji, kwa adabu, amwonyeshe mtoto jinsi ya kusokota uzi. Vidole vitamshinda, na hapo ataanza kuheshimu bei. Kununua moja kwa moja kutoka kwa aliyesuka humwachia mama huyo faida ambayo kwa kawaida huishia kwa wachuuzi wa mjini.

Usisahau chakula. Muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe au mbaazi, hupatikana katika hoteli nyingi ndogo. Kati ya Desemba na Machi maembe ya Makueni hujaa kando ya barabara, na asali ya Kitui husifika nchini kote.

Tahadhari kabla ya safari

Agosti huwa na ukavu na hali ya hewa nafuu, na ndio wakati bora wa kuona mito ya mchanga. Desemba nchi huwa ya kijani, lakini ni msimu wa mvua. Mto uliokuwa mkavu asubuhi huweza kufurika ghafla kwa sababu ya mvua iliyonyesha mbali. Tarehe 4 Desemba mwaka wa 2021, basi lililobeba watu waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na mto Enziu karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Maji yakipita juu ya barabara, subiri. Hakuna harusi wala likizo inayostahili maisha ya mtoto.

Isitoshe, beba maji ya kutosha na kofia, panda Nzambani asubuhi kabla ya jua kuwaka, na uwashike mkono watoto wadogo kwenye ngazi. Wavalishe viatu vilivyofunika miguu kwa sababu ya miiba na nyoka. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha za watu. Aidha, katika maeneo yenye ukame usiwaruhusu watoto kuchezea maji ya kisima, kwani huenda ndiyo ya siku nzima kwa familia fulani.

Mwisho, tafuta mzee. Kama una babu au nyanya Ukambani, mpeleke mtoto kwake na umwache aulize. Kama huna, mzee wa kijiji au mwalimu mstaafu mara nyingi hukubali kusimulia, na ni haki kumpa ahsante kwa muda wake. Mfunze mtoto kusema muvea, yaani shukrani kwa Kikamba. Watoto wengi waliozaliwa mijini na wazazi Wakamba hawalijui hata neno hilo moja, na hilo halihusu Wakamba pekee. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Mtoto hawezi kuacha asichowahi kupewa, kwa hiyo jukumu la kwanza ni la mzazi.